Maswali ya Wasomaji: Jirani Nisiyemjua Jina

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za Magharibi zimegusa kwa wingi jambo moja, nalo ni namna Mkristo anavyopaswa kuishi na watu wa mlango wa pili ambao hawasali pamoja naye. Tumechagua barua nne. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu ndani yake mna jeraha ambalo familia nyingi za Bonde la Ufa zinalijua.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi katika nyumba za ghorofa huko Section 58, Nakuru. Kila Jumatano sebule yetu hujaa wapendwa wa ushirika wa nyumbani wanaotoka mitaa mbalimbali ya mji. Hivi majuzi jirani tunayetazamana naye mlango kwa mlango alifiwa na mama yake, nami sikujua lolote hadi mlinzi wa lango aliponiuliza kama nimetoa mchango. Nilipokwenda kumpa pole niligundua kwamba simjui hata jina. Nilimwambia mume wangu kwamba ningependa tuanze kuwakaribisha majirani, lakini alinijibu kuwa nyumba ya wazazi wake kule Molo ilichomwa mwanzoni mwa mwaka 2008 na watu waliokuwa wakinywa chai kwao, na kwamba ukarimu tulioagizwa ni wa watu wa imani yetu. Je, ni kweli? Na nikitaka kuanza, nianzeje bila kuonekana ninachungulia maisha ya watu? — Mama wa Nakuru

JIBU: Dada mpendwa, acha nianze na mume wako, kwa maana maneno yake yametoka mahali penye uchungu na hayastahili kujibiwa kwa aya moja ya Biblia iliyosomwa haraka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na Nakuru pamoja na Molo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kuwa kambi ya mahema. Aliyeona paa la wazazi wake likiwaka, akawatambua kwa majina waliolichoma, hawezi kuambiwa tu kwamba majirani ni watu wema. Wengine si wema, na Maandiko hayajawahi kutuficha hilo.

Kwa hiyo usimlazimishe. Usimletee wageni sebuleni kabla hajawa tayari, wala usiwaruhusu wapendwa wa ushirika wamhubirie kuhusu msamaha mbele yako kana kwamba ni mtoto mkaidi. Mwombe akusimulie yaliyotokea, tangu mwanzo hadi mwisho, nawe usikilize bila kumkatiza. Wanaume wengi waliopitia mambo yale hawajawahi kuyasimulia mahali popote. Siku ikija atakapokuwa amekwisha kusimulia, huenda akakumbuka pia watu wa upande mwingine wa hadithi hiyo, kwa sababu katika siku zile zile, katika mitaa na vijiji vile vile, zilikuwapo familia zilizofichwa chini ya vitanda na ndani ya maghala na majirani wa kabila lililotajwa kuwa adui. Waliofichwa walifichwa na watu waliowajua. Na baadhi ya waliochomewa walichomewa na watu waliowajua pia. Yote mawili ni kweli, wala sitaki kulifuta moja ili lingine lipendeze. Kujuana hakukuwa kinga ya hakika, nasi hatukuagizwa kuwakaribisha majirani ili watulinde siku mbaya ikifika. Tuliagizwa kwa sababu Mungu mwenyewe huwatendea mema hata wasio na shukrani.

Sasa nije kwenye hoja yake, kwamba ukarimu ni wa watu wa imani pekee. Nadhani ameitoa katika Wagalatia 6:10, ambapo Paulo anaandika, "na tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio." Wengi wetu tumelishika neno "hasa" tukaliacha neno "wote", ilhali Paulo alitaja watu wote kwanza, ndipo akaongeza jamaa ya waaminio. Tena yupo yule mwanasheria wa Luka sura ya 10, aliyetaka Bwana amwekee mpaka wa watu anaopaswa kuwapenda. Yesu hakumpa mpaka wowote. Alimpa hadithi ambayo ndani yake kuhani na Mlawi, watu wa dini ya mwanasheria mwenyewe, wanapita kando, na mtu anayesimama ni Msamaria, mtu wa jamii ambayo Wayahudi hawakutaka kuchangamana nayo. Ukiisimulia leo katika kijiji cha Molo, ukaweka kabila mahali pa Msamaria, utaona ni kwa nini iliwaudhi waliokuwa wakisikiliza.

Kuna sura nyingine ambayo husomwa kwa nadra katika ibada zetu, nayo ni Luka 14, kuanzia mstari wa 12. Yesu amealikwa chakula na mkuu mmoja wa Mafarisayo, naye anamwambia mwenyeji wake pale pale mezani kwamba anapoandaa karamu asiwaite rafiki zake, ndugu zake wala majirani wenye mali, kwa sababu hao watamwalika naye na atakuwa amelipwa. Nimeifikiria sana sura hiyo nikiisoma barua yako. Ushirika wenu wa Jumatano ni kitu chema, nami sitaki uachwe, lakini ni karamu ya watu wanaoalikana kwa zamu. Majirani zenu hukutana nayo kwa njia mbili tu: nyimbo zinazopita ukutani, na magari yaliyoegeshwa mahali wanapoegesha wao. Bwana aliuliza katika Mathayo 5:47 kwamba tukiwaamkia ndugu zetu tu, tunatenda tendo gani la ziada. Swali hilo linaelekezwa kwetu tuliookoka kabla ya kuelekezwa kwa mwingine yeyote.

Wakristo wa kwanza walilielewa jambo hili hata adui zao wakalikiri. Mwaka 362, Kaisari Juliani wa Rumi, aliyeuacha Ukristo na kujaribu kuirudisha dini ya kale ya miungu, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba wale aliowaita Wagalilaya waliwalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia, huku wapagani wenyewe wakiwatelekeza watu wao. Akaagiza nyumba za kulaza wageni zijengwe katika kila mji ili kushindana na Wakristo. Ningetamani siku moja mtu asiyetupenda atulalamikie kwa kosa kama hilo.

Uliuliza uanzeje. Una mahali pazuri pa kuanzia, ingawa umejuta kwa kuchelewa. Kwetu Kenya, mtu akifiwa, wiki ya kwanza nyumba hujaa: viti hukodishwa, maombi hufanyika kila jioni, mchango wa kusafirisha mwili hupitishwa, kisha watu hupanda basi usiku kwenda kuzika. Baada ya mazishi mfiwa hurudi mjini, akafungua mlango, akakuta kimya. Hakuna anayekuja wiki ya tatu. Nenda wewe wiki ya tatu. Piga hodi jioni, wakati ambao chakula kimeshaliwa au hakijaanza kupikwa, ili asione kuwa umekuja kula. Chukua sukari, majani chai na mkate, kwa sababu kwetu mtu haendi kwenye nyumba ya msiba mikono mitupu. Mwambie jina lako na umuulize lake. Kisha umuulize kuhusu mama yake: alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alimlea wapi. Mfiwa huulizwa sana juu ya ugonjwa na gharama za mazishi, na ni wachache wanaomuuliza juu ya mtu mwenyewe aliyekufa. Usihubiri siku hiyo. Ukiombwa kuomba, omba kwa ufupi.

Kuhusu hofu ya kuonekana unachungulia, nitakupa mwongozo ninaouamini. Usiulize kodi analipa kiasi gani, mume yuko wapi, anafanya kazi gani, wala anasali kanisa gani, na katika mji wetu usilitumie jina lake la pili kama mlango wa kuulizia kabila lake. Akikuambia mwenyewe, pokea. Na kila alichokuambia kibaki kwako, hata katika maombi ya Jumatano. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona ombi la sala likigeuka kuwa njia ya heshima ya kutangaza siri za watu, na jirani akishasikia kuwa msiba wake au ugomvi wa ndoa yake umeombewa na watu thelathini asiowajua, hatakufungulia mlango tena, na atakuwa na haki.

Jambo la mwisho kwako ndilo ninaloliona kuwa zito zaidi. Sisi Wakristo tunapenda kutoa kuliko kupokea, kwa sababu anayetoa hubaki na heshima yake na anayepokea hubaki na deni. Lakini katika Yohana 4, Bwana wetu alipokutana na mwanamke Msamaria kisimani Sikari, alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Alikuwa amechoka, hakuwa na chombo cha kutekea, naye hakuona aibu kusema hivyo. Basi na wewe uombe. Mwombe jirani akuangalizie mtoto anayerudi kutoka shule mapema siku utakayochelewa mjini. Mwachie jirani ufunguo siku ambayo fundi wa bomba anatarajiwa. Akikuletea sahani ya mukimo, ile, usiiweke kando kwa sababu hukuuona ukipikwa, na sahani yake usiirudishe tupu. Mtu uliyemwomba msaada huacha kukuogopa, na huenda hata mume wako akaona ni rahisi kumsalimia mtu aliyemfungulia mtoto wake mlango kuliko kumkaribisha mgeni asiyemjua kwenye kochi lake.

Na Jumatano ijayo, kabla wapendwa hawajafika, piga hodi kwa majirani wa kushoto na kulia uwaulize kama sauti za nyimbo zinawasumbua watoto wao wanaosoma au mtu wao anayelala baada ya zamu ya usiku. Wakisema ndiyo, punguzeni sauti.

SWALI: Mchungaji, mimi ni kijana niliyekuja Kisumu kwa kazi. Ninaishi Manyatta, katika chumba kimoja chenye kitanda, kiti kimoja na mtungi mdogo wa gesi. Jirani yangu ni Mwislamu mwenye familia, na mwezi wa Ramadhani alinialika futari mara mbili. Mara zote mbili nilitoa udhuru, kwa sababu sikujua kama Mkristo anaruhusiwa, na pia kwa sababu najua siwezi kumwalika naye kwangu. Nifanye nini? — Kijana wa Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, kubali mwaliko. Paulo alilijibu swali lako karibu miaka 2,000 iliyopita, katika 1 Wakorintho 10:27, alipowaambia waumini wa Korintho kwamba asiyeamini akiwaalika nao wakitaka kwenda, wale kila kinachowekwa mbele yao bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Korintho ilijaa sanamu za hekalu na nyama ya kafara, mambo mazito kuliko tende na sambusa. Na kama kinachokusumbua ni nyama iliyochinjwa na Mwislamu, basi fahamu kwamba katika machinjio mengi ya nchi hii anayechinja ni Mwislamu, ili nyama iweze kununuliwa na watu wote. Nyama unayoila kwa kawaida kwenye hoteli za Kondele huenda imechinjwa hivyo hivyo.

Utakapokwenda, fika kabla ya Magharibi, kwa sababu familia inasubiri adhana na si vizuri kuwakuta wameshaanza. Vua viatu mlangoni. Nawa, ule kwa mkono wa kulia. Baada ya kufungua saumu kwa tende na maji, huenda wanaume wakaondoka kidogo kwenda kusali, nawe ukaachwa umekaa, hujasahauliwa, subiri. Peleka matunda, ndizi au tikiti maji, vitu ambavyo havina shaka yoyote kwao. Huna haja ya kuficha kwamba wewe ni Mkristo, wala ya kuligeuza jambo hilo kuwa mjadala. Mtume Paulo alipovunjikiwa na merikebu akatupwa katika kisiwa cha Malta, wenyeji ambao hawakuwa wamesikia habari za Kristo waliwawashia moto walionusurika kwa sababu ya mvua na baridi, na Luka ameuandika wema wao kwa shukrani katika Matendo 28. Mtume alikubali kuota moto wao.

Sasa chumba chako. Watu wengi hawakaribishi mtu kwa sababu wanasubiri: wakishanunua viti, wakishahamia nyumba ya vyumba viwili, mshahara ukiongezwa. Kule Sarepta, mjane wa 1 Wafalme 17 alikuwa na unga wa konzi moja na mafuta kidogo, akiokota kuni za kupikia chakula alichodhani ni cha mwisho, na ndiye aliyemlisha Eliya. Wewe una gesi na kitanda. Watu watakaa kitandani, na katika ploti za Manyatta si aibu jirani kuja na kigoda chake mwenyewe. Chumba kikizidiwa, kaeni nje kwenye baraza wakati jua limeshuka na upepo wa ziwa umeanza.

Tena uko katika mji ambao jambo lako ni jepesi kuliko unavyofikiri. Mwislamu hula samaki bila kuuliza ni nani aliyemchinja. Kama ngege ni ghali kwako, nunua omena Kibuye, uioshe vizuri, uikaange kwa kitunguu na nyanya hadi harufu ile kali ikatike, uipike na ugali na sukuma wiki. Hicho ni chakula kamili, na hakuna mtu wa Kisumu atakayekidharau akikiona kimepikwa kwa uangalifu. Tumia mafuta ya mimea. Kama sufuria yako imewahi kupikiwa nyama ya nguruwe, azima nyingine, na umwambie jirani yako kwamba umeazima. Atafurahi kuona ulimfikiria. Usimpikie mchana wa Ramadhani, na ukimwalika wakati mwingine wowote, muulize mapema ni saa ngapi itakayomfaa na swala zake.

Na usisumbuke kupita kiasi. Martha alikuwa na Bwana ndani ya nyumba yake akaambiwa, "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Sidhani kwamba alikemewa kwa sababu ya kupika, maana mtu lazima apike, shida ilikuwa kwamba mgeni alikaa huku mwenyeji akiwa hayupo karibu naye. Chakula kikichelewa, njoo ukae, kichelewe.

Neno moja zaidi, kwa kuwa unaishi peke yako: ukimkaribisha jirani wa kike ambaye hajafuatana na mtu mwingine, kaeni barazani au acheni mlango wazi. Ploti ina macho mengi, na heshima yake yeye ndiyo itakayoumizwa kwanza.

SWALI: Mimi nina shida tofauti. Ninaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, na majirani wetu wananimaliza. Leo ni chumvi, kesho ni unga wa kuazima usiorudishwa, na watoto wao hufika kila saa ya chakula wakasimama mlangoni. Nimeanza kufunga mlango tukila. Je, nimetenda dhambi? — Mama wa Bungoma

JIBU: Mama, umechoka, na uchovu si dhambi. Hata Mithali 25:17 inamwonya mtu asizoee kuingia katika nyumba ya jirani yake, asije akakinaiwa na kuchukiwa. Kwa hiyo Biblia inatambua kwamba ujirani una mipaka. Petro naye aliandika, "Mkaribishane ninyi kwa ninyi, pasipo kunung'unika," na hangeandika maneno hayo ya mwisho kama hakukuwa na watu walionung'unika. Manung'uniko mengi hutokana na kukubali kwa mdomo jambo ambalo moyo umelikataa. Mwambie mama mwenzako waziwazi: unga huu nimepima wa kutufikisha Jumamosi, siwezi kukuazima, lakini chumvi chukua. Maneno hayo hayana ukali, nayo ni bora kuliko mlango uliofungwa huku harufu ya maharagwe ikitoka dirishani.

Lakini kuhusu watoto nitakuomba uangalie kalenda. Kama barua yako uliiandika mwezi wa Mei au Juni, unajua vizuri kuliko mimi hali ya mahindi katika sehemu zenu: yaliyovunwa mwaka uliopita yameisha ghalani, na yaliyopandwa mvua za Machi zilipoanza bado ni mabichi shambani. Watoto wanaosimama mlangoni katika miezi hiyo hawakosi adabu. Wana njaa. Sheria ya Musa, katika Walawi 19, ilimkataza mwenye shamba kuvuna pembe zote za shamba lake au kurudia kuokota masazo, ili maskini na mgeni wapate kitu, na jambo ninalolipenda katika sheria hiyo ni kwamba mwenye shamba aliipanga hasara hiyo mapema, akijua kiasi atakachoacha. Panga vivyo hivyo. Kama unaweza kupika kikombe kimoja cha githeri zaidi mara mbili kwa wiki, amua ni siku zipi, uwaite watoto siku hizo kwa majina yao, uwanawishe mikono na kuwaketisha pamoja na wako. Siku nyingine uwaambie waende nyumbani, nawe ule bila kujihukumu. Kisha zungumza na mama yao faraghani. Kama njaa ni ya muda mrefu, jambo hilo limezidi sufuria yako, na linapaswa kufikishwa kwa kanisa na kwa mzee wa mtaa, kwa idhini yake.

SWALI: Kiongozi wa ushirika wetu hapa Kakamega anafundisha kwamba kila tunapomtembelea au kumwalika jirani ni lazima tumalizie kwa kumkaribisha kanisani, la sivyo tumepoteza nafasi. Majirani wetu wameanza kutukwepa. Mmoja ni Msabato, mwingine ni wa kanisa la Israeli, mwingine hasali popote. Unasemaje? — Msomaji wa Kakamega

JIBU: Kutamani jirani amjue Kristo ni jambo jema, na nisingependa upoe katika hilo. Lakini kumwita mtu chakula ukiwa umemficha kwamba kuna mahubiri ni kumdanganya, na injili haihitaji uongo. Kama mmeandaa ibada, mwambie kuwa ni ibada, achague kuja au kutokuja. Kama mmeandaa chakula, basi kiwe chakula.

Mafarisayo walimlaumu Yesu kwa kusema, katika Luka 15:2, kwamba huwapokea wenye dhambi na kula nao. Hawakulalamika kwamba aliwahubiria, walilalamika kwamba alikula nao. Na Zakayo wa Yeriko, Luka sura ya 19, hakuandikiwa hotuba yoyote iliyomfikia kabla ya kubadilika. Tunasoma kwamba Bwana alijialika kwake, akapokewa kwa furaha, na Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama akataja mali atakayoigawa na fedha atakazozirudisha.

Majirani uliowataja pia wanakuonyesha kwamba kabla ya kumwalika mtu inafaa umjue. Wasabato wengi hawanywi chai ya majani wala kahawa, hawali kambare kwa kuwa hana magamba, na Ijumaa jua likishatua hadi Jumamosi jioni wako katika sabato yao. Umpe uji au maziwa moto, na umwalike Jumapili alasiri. Jirani wa kanisa la Israeli anatoka katika kanisa lililoanzishwa na Zakayo Kivuli huko Nineveh, Vihiga, mwaka 1942, na tayari anamwita Yesu Bwana; ukimwalika kanisani kwako kila mnapoonana unamwambia kwamba hulihesabu kanisa lake. Muulize badala yake namna mababu zake walivyoipokea injili, na utasikia historia ya sehemu hizi ambayo hukufundishwa shuleni.

Yule asiyesali popote ndiye anayekwepa zaidi, nadhani. Mtembelee mara kadhaa bila kumtajia kanisa kabisa. Mpelekee mahindi mabichi shamba lako likitoa, kaa naye, umsikilize habari za kazi yake na wazazi wake. Akikuuliza siku moja ni kwa nini unafanya hivi, mjibu wazi kwa maneno yako mwenyewe, kwa upole na kwa hofu kama 1 Petro 3:15 inavyoelekeza, kisha umwache aseme. Barua hii unaweza kumsomea kiongozi wako, na kama hatakubaliana nami, mwambie aniandikie.